Mauro Giuliani: mtu aliyekataa gitare ibaki nyuma ya filimbi

Tarehe 3 mwezi wa ine mwaka 1808, kijana mmoja Mwitaliano wa miaka 26 alitokea mbele ya watu wa Vienna, muji mkuu wa Austria, akiwa na gitare mkononi. Pamoja naye kulikuwa orkestre nzima. Watu wa Vienna walikuwa wamezoea kuona piano ao violini ikisimama mbele ya orkestre. Gitare, wapi! Hiyo waliijua kama chombo cha nyumbani, cha kusindikiza wimbo kisha chakula cha mangaribi. Siku ile kijana alipiga konserto aliyoitunga yeye mwenyewe, ile inayohesabiwa leo kama kazi yake ya 30, na muji ukaanza kumsema.

Jina lake ni Mauro Giuliani. Vitabu vingi vinamukumbuka juu ya siku kubwa sawa ile. Lakini kazi iliyomulisha, na iliyobaki hai kupita zingine, ilifanyika mahali padogo zaidi: ndani ya saloni za watu, ambako filimbi moja na gitare moja zilikaa karibu na kuongea. Huko njo alionyesha wazi jambo alilotaka: gitare isikuwe mtumishi wa chombo kingine.

Mtoto wa bahari

Giuliani alizaliwa tarehe 27 mwezi wa saba 1781 huko Bisceglie, muji mdogo kandokando ya bahari ya Adriatiki, kusini-mashariki ya Italia, eneo la Puglia. Wakati ule Italia haikukuwa bado nchi moja. Upande ule wote ulikuwa chini ya mufalme wa Napoli. Alikulia Barletta, muji wa jirani, pamoja na kaka yake Nicola.

Chombo alichojifunza vizuri tangu utoto kilikuwa selo, ile violini kubwa ya sauti nzito inayoshikwa katikati ya magoti. Alijifunza pia namna ya kupanga sauti mbili, tatu, ine zitembee pamoja bila kugongana. Masomo hayo mawili yatamusaidia maisha yote. Mpiga selo anajua uzito wa sauti ya chini, ile inayobeba nyumba. Na mutu anayejua kupanga sauti mingi hawezi kuridhika na gitare inayopiga tu akordi moja, kisha ingine, sawa mutu anayetwanga.

Alioa mapema, bibi yake akiitwa Maria Giuseppa del Monaco, na mwaka 1801 wakazaa Barletta mtoto mwanaume, Michele. Kijana mwenye familia alihitaji kazi. Na hapo njo shida ilikuwa: Italia ya wakati ule ilikuwa inchi ya opera. Makuta yote ya muziki, watu wote, magazeti yote, yalienda kwa waimbaji na michezo ya jukwaa. Mpiga gitare angeweza kusifiwa na marafiki, lakini kulipwa ilikuwa neno lingine. Tena wachapishaji wakubwa wa makaratasi ya muziki walikuwa kaskazini: Vienna na Paris. Mafundi wengi wa gitare wa Italia walifanya mahesabu hayo hayo, wakafunga mizigo. Ferdinando Carulli wa Napoli alienda kuishi Paris. Giuliani alichagua Vienna. Mwaka 1806 akaenda peke yake, akaacha bibi na mtoto nyuma.

Muji uliopita mikononi

Muji aliokuta ulikuwa umetoka tu katika vita. Mwisho wa mwaka 1805 waaskari wa Napoleon waliingia Vienna. Walipoondoka, watu wakaanza kupumua. Lakini katika mwezi wa tano 1809 walirudi, safari hii na mabomu yaliyoanguka juu ya nyumba. Mzee Joseph Haydn, baba wa muziki ya Vienna, alikufa mwisho wa mwezi ule, muji ukiwa bado mikononi mwa Wafaransa.

Kisha vita ikaja njaa ya mufuko. Serikali ya Austria ilikuwa imechapa noti za karatasi mingi mno juu ya kulipa jeshi. Mwaka 1811 ikatangaza kwamba noti zile zitahesabiwa moja ya tano tu ya bei iliyoandikwa juu yake. Mutu aliyelala na noti za mia tano akaamuka na mia moja. Wafanyakazi wa serikali, wajane, walimu, wote waliokuwa wameweka akiba ya karatasi walipigwa.

Anayeishi ndani ya muji uliobadilisha wakubwa mara mbili katika miaka ine hahitaji kuelezwa sana. Watu wanaendelea kuuza, kusomesha watoto, kuoa. Na Vienna iliendelea kupiga muziki. Nyingi kati ya ile muziki ilipigwa ndani ya nyumba.

Saloni ilikuwa nini

Saloni, wakati ule, haikukuwa tu chumba cha kupokea wageni. Ilikuwa desturi. Nyumba fulani ilijulikana kwamba siku fulani ya juma mama wa nyumba anapokea watu. Wanakuja majirani, wafanyabiashara, wafanyakazi wa serikali, mara na mtu wa cheo. Wanakunywa kitu, wanasoma mashairi, wanazungumza, na zaidi ya yote wanapiga muziki wao wenyewe. Redio haikuweko, sahani za muziki hazikuweko. Aliyetaka kusikia wimbo ndani ya nyumba yake ilikuwa lazima aupige, ao amuombe rafiki aupige.

Piano ilipendwa, lakini ilikuwa ya bei kali na ilihitaji chumba. Gitare ilibebwa chini ya mkono. Tena gitare ya wakati ule ilikuwa imebadilika: zamani ilikuwa na nyuzi mbili mbili zilizopangwa pamoja, shida ya kuzikaza kila saa. Ile mpya ilikuwa na nyuzi sita peke yake, zinazokazwa mi, la, re, sol, si, mi, sawa vile vijana wanavyokaza gitare mpaka leo. Nyuzi tatu nyembamba zilitengenezwa na matumbo ya kondoo, na tatu za chini na hariri iliyozungushiwa waya. Vienna ilikuwa na mafundi wakali wa kutengeneza gitare, jina kubwa likiwa Johann Georg Stauffer. Fundi mwingine wa upande wa Wajerumani aliyepita katika kazi yake, C. F. Martin, alivuka bahari mwaka 1833 akaenda New York. Gitare zenye jina la Martin zinatengenezwa Marekani mpaka leo.

Filimbi nayo haikukuwa ile ya chuma inayong'aa. Ilikuwa ya mbao, inapulizwa kwa ubavu, na matundu yake yalifungwa kwa vidole pamoja na vifuniko vidogo vichache vya chuma. Filimbi ya namna mpya, ya Theobald Boehm wa München, itakuja tu mwaka 1832, na ile ya chuma 1847. Sauti ya mbao ilikuwa laini, haikufunika chombo cha jirani. Njo maana ilipatana na gitare.

Kulikuwa pia na desturi ya wakati ule kuhusu nani anapiga nini. Filimbi ilionekana ni ya wanaume. Kwa binti wa nyumba, kupuliza na kukunja midomo mbele ya wageni kulihesabiwa kama si heshima. Yeye alipewa piano ao gitare. Basi filimbi na gitare pamoja zilimaanisha mara mingi kijana mwanaume na binti wanakaa karibu, macho ya wazazi yakiwa hapo, na wanapiga kitu kimoja. Wachapishaji walielewa haraka kwamba hapo kuna soko. Leonhard von Call aliandika kwa ajili ya soko hilo mafungu na mafungu ya serenadi, nyepesi, za kupigwa na mutu asiye fundi. Anton Diabelli, aliyejua gitare vizuri na baadaye akawa mchapishaji yeye mwenyewe, alifanya vile vile. Wenzel Matiegka alitunga kipande cha filimbi, alto na gitare. Mwaka 1814 kijana wa miaka 17 aitwaye Franz Schubert akakiongezea sehemu ya selo, ili kipigwe na watu wane.

Kidole gumba kinabeba nyumba

Katika vipande vingi vya saloni, kazi ilikuwa imegawanywa vile: filimbi inaimba, gitare inatembea chini yake. Filimbi ndiyo bwana, gitare ndiyo mtumishi. Binti alipiga akordi zake tatu ao ine, kijana akapata sifa. Hakuna aliyelalamika, juu vipande vilikuwa rahisi na viliuzwa.

Giuliani aliandika pia vipande vyepesi, maana alihitaji kula. Lakini mkono wake ulikuwa na mambo mengine. Mwaka 1812 Vienna ikachapisha kitabu chake cha masomo ya gitare, kile alichokipa namba 1. Kinaanza na mazoezi 120 ya mkono wa kuume. Mazoezi 120, na mkono wa kushoto karibu haufanyi kitu: unashika akordi mbili tu, moja kisha ingine, zinarudi bila mwisho. Kumbe kazi yote iko kwa vidole vya kuume: gumba, kidole cha kwanza, cha kati, cha pete, kila kimoja na njia yake. Wanafunzi wa gitare wangali wanatoka jasho juu ya kurasa zile.

Anayesikiliza rumba ataelewa haraka kile alichotafuta. Ndani ya orkestre ya rumba kuna gitare ya solo inayoongea, kuna ya kusindikiza inayoshika katikati, na kuna besi inayobeba. Giuliani alitaka mambo hayo matatu yatoke ndani ya gitare moja: gumba linapiga besi, vidole vya kati vinajaza katikati, kidole cha pete kinaimba juu. Wazee waliomusikia Jean Bosco Mwenda wa Katanga akipiga peke yake wanajua kwamba jambo hilo linawezekana. Kati ya watu hao wawili hakuna ujamaa, na miaka zaidi ya mia inawatenga, lakini kazi ya gumba ni ile ile.

Hata namna ya kuandika ilibadilika. Zamani muziki ya gitare iliandikwa sawa ya violini, noti zote zimefungwa pamoja, na mpigaji hakujua ni noti gani inabaki kulia na ni gani inakatika. Giuliani na wenzake wa Vienna waliandika sauti ya juu na miguu ikienda juu, besi na miguu ikienda chini. Mutu akifungua karatasi anaona kwa macho kwamba gitare iko na sauti mbili, mara tatu.

Mazungumzo ya watu wawili

Sasa, fundi wa namna hiyo akitunga kwa filimbi na gitare, hawezi kuiacha gitare kule chini. Kati ya kazi zake, zaidi ya kumi ni za gitare pamoja na filimbi ao violini. Mara mingi mchapishaji aliandika vyombo vyote viwili kwenye kifuniko, mununuaji achague, juu ya kuuza kwa watu wengi. Mbili kati yake zinasimama peke yake: Duo kubwa namba 52 na Duo kubwa namba 85. Juu ya zote mbili kumeandikwa neno la Kiitaliano linaloonyesha kwamba vyombo vinashindana na kujibizana, hakuna anayesindikiza mwenzake tu.

Shida ya kwanza ilikuwa nguvu ya sauti. Filimbi, hata ya mbao, ina pumzi: noti moja inaweza kukaa muda mrefu, kuongezeka, kupungua. Noti ya gitare inapigwa, na palepale inaanza kufa. Mtunzi asiyejua hilo ataiua gitare katika mistari miwili. Giuliani alijua. Pale gitare inapopaswa kuongea, filimbi ananyamaza, ao anashuka kwa noti zake za chini, ambako sauti yake ni ya upole. Pale anapotaka gitare idumu, anaivunja akordi katika noti ndogo ndogo za haraka, ili hewa isibaki wazi hata kidogo. Na alichagua mara mingi njia ya la kubwa, ambako nyuzi za chini za gitare, mi, la na re, zinalia wazi bila kushikwa na kidole. Hapo gitare inatoa sauti yake yote, na vidole vya kushoto viko huru kuimba juu.

Duo namba 52 inamalizika na rondo ya kijeshi, na mwendo wa waaskari ndani yake. Watu wa Vienna walikuwa wamesikia ngoma za waaskari chini ya madirisha yao. Sasa mwendo ule ule ulirudi ndani ya saloni, umepunguzwa, umekuwa mchezo wa watu wawili wanaocheka.

Namba 85 ina sehemu ine. Ya kwanza inaingia na heshima, sawa mutu anayevaa vizuri kabla ya kutoka. Ya pili ni ya polepole sana, na hapo pumzi ya filimbi inahesabiwa. Ya tatu ni mchezo wa haraka. Ya mwisho ni wimbo wa furaha wenye kurudi, unaopita kwa mmoja na kwa mwingine. Katika kipande chote wimbo unaanza kwa mmoja, unachukuliwa na mwenzake, unarudishwa na kitu kimeongezwa. Gitare akikosa mazoezi hapo, hakuna pa kujificha. Haikukuwa tena muziki ya binti aliyejifunza akordi tatu. Ilimuhitaji akae na chombo chake sawa vile kijana alivyokaa na filimbi yake.

Jina kubwa

Katika miaka ile Giuliani alikuwa juu. Alifundisha watoto wa vyeo na vijana walioitaka kazi yenyewe. Wanafunzi wawili wa Polandi, Felix Horetzky na Jan Nepomucen Bobrowicz, walitoka mikononi mwake na kujulikana. Tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 1813, Beethoven alipoonyesha kwa mara ya kwanza Simfoni yake ya 7, katika konseri ya kusaidia waaskari walioumia vitani, mafundi wakubwa wa muji walikubali kukaa ndani ya orkestre kama wapigaji wa kawaida. Giuliani alikuwa kati yao, na inahesabiwa kwamba alipiga selo, kile chombo chake cha utoto.

Napoleon alipoanguka, wafalme na mabalozi wa Ulaya walikusanyika Vienna, 1814 na 1815, kugawanya ramani. Muji ulijaa wageni wenye makuta. Giuliani alipewa cheo cha heshima kama mpiga muziki wa nyumba ya Marie-Louise, binti wa mufalme wa Austria na bibi wa Napoleon. Mwaka 1815 alishirikiana na mpiga piano Johann Nepomuk Hummel, ambaye baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Ignaz Moscheles, na violini ya Joseph Mayseder, na selo ya Joseph Merk. Walifanya mfululizo wa konseri katika bustani ya Schönbrunn. Tiketi ilikuwa dukati moja. Dukati ni sarafu ya zahabu. Katika muji ambako noti ya karatasi ilikuwa imepoteza ine ya tano zake, watu walilipa zahabu kusikia gitare.

Madeni makubwa

Mutu angefikiri kwamba mwenye kulipwa zahabu anajenga. Haikukuwa vile.

Wakati ule mtunzi aliuza kazi yake kwa mchapishaji mara moja tu. Akipokea makuta, basi, imeisha. Kipande kikiuzwa mara elfu, mia zote zinaenda kwa mchapishaji. Na mchapishaji wa muji mwingine akikichukua na kukichapa bila ruhusa, hakuna sheria iliyomukamata. Njo maana Giuliani aliandika bila kupumzika. Kazi zake zenye namba zinafika karibu 150, na kuna zingine zisizo na namba. Kuacha kuandika mwezi mmoja kulimaanisha mwezi mmoja bila kula.

Nyumba nazo zilikuwa mbili. Bibi wake wa ndoa alibaki Italia. Huko Vienna alizaa mabinti na mwanamke mwingine. Kati yao Maria, na Emilia aliyezaliwa 1813. Kijana Michele naye alikuja kwa baba yake Vienna.

Mwaka 1819 mambo yakaanguka. Giuliani alikuwa na madeni asiyoweza kulipa. Mali yake na makuta yake ya banki yakakamatwa kwa ajili ya watu aliowadai mukopo. Miaka kumi na moja tu kisha ile siku ya konserto, mutu aliyeifanya Vienna ipende gitare alitoka Vienna na mikono mitupu. Alipita Trieste na Venice, na mwaka 1820 akafika Roma.

Roma haikumupokea sawa alivyotarajia. Alikuta marafiki, ndiyo: Gioachino Rossini, bwana wa opera wa wakati ule, na Niccolò Paganini, mpiga violini ambaye kwa siri ya nyumbani alikuwa pia mpenzi mkubwa wa gitare. Kutokana na nyimbo za Rossini alitunga Rossiniane sita, namba 119 mpaka 124, vipande virefu vya gitare moja ambavyo vinaingiza opera nzima ndani ya nyuzi sita. Lakini watu wa Roma walitaka opera yenyewe, na walimuacha na gitare yake. Konseri zilikuwa haba. Maria na Emilia waliwekwa kwa masista, wakakaa huko kutoka 1821 mpaka 1826. Baba yao alikuwa akiandika barua kwa wachapishaji wa mbali, akiwatolea kazi mpya, akiomba bei.

Napoli

Kutoka 1823 alianza kwenda Napoli mara kwa mara, juu baba yake alikuwa mugonjwa sana. Safari ya kutunza mzee ikageuka kuwa mlango. Napoli ilimusikiliza. Wachapishaji wa pale wakakubali kazi zake, na mwaka 1826 alipiga mbele ya mufalme Francesco wa Kwanza huko Portici, karibu na muji.

Jambo lililomupa furaha ya mwisho lilitoka nyumbani. Emilia alikuwa amekua, na vidole vyake vilikuwa na kipaji cha baba. Wakaanza kupiga pamoja mbele ya watu, baba na binti, gitare mbili. Ile kazi ambayo miaka ishirini alikuwa akiifanya kwa karatasi, sauti mbili zenye uzito sawa, sasa aliifanya na mtoto wake mwenyewe kando yake.

Haikudumu. Mwisho wa mwaka 1827 afya yake ilianza kuanguka. Alikufa Napoli tarehe 8 mwezi wa tano 1829, akiwa na miaka 47. Muji uliendelea na opera zake. Habari ya kifo chake ilipita karibu bila kelele.

Kilichobaki

Mbali na pale, watu hawakusahau. Mwaka 1833 wapenzi wa gitare wa London walianzisha gazeti la chombo chao, wakalipa jina la Giulianiad, kumukumbuka. Michele akawa mwalimu wa uimbaji Paris. Emilia akaendelea na gitare, akatunga, akapiga katika miji ya Ulaya kwa jina lake mwenyewe.

Lakini saloni yenyewe ilikuwa inabadilika. Piano ilipata fremu ya chuma, ikawa na nguvu, na viwanda viliifanya ifike katika nyumba nyingi zaidi. Kumbi za konseri zikawa kubwa, na gitare haikusikika tena mpaka kiti cha nyuma. Kabla ya karne kuisha, duo za filimbi na gitare zilikuwa zimelala ndani ya sanduku na makabati. Katika karne ya 20 watu walizifungua tena. Mwairlandi James Galway na filimbi yake, pamoja na Mjapani Kazuhito Yamashita na gitare, walizirekodi, na wanafunzi wa shule za muziki sasa wanapewa namba 85 kama mtihani wa watu wawili.

Makaratasi ya zamani ya duo hizo yalichapwa kwa sehemu mbili, kila mmoja na yake: hii ya mpiga filimbi, hii ya mpiga gitare. Katika vipande vyepesi vya saloni, karatasi ya gitare ilikuwa karibu wazi, akordi chache zilizorudi. Mutu akifungua namba 85 ya Giuliani na kuziweka mbili kando kando juu ya meza, ataona wino umejaa sawasawa pande zote mbili.